Mizani ya Ukungu

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Aliyewahi kupanga foleni ndani yake anaijua, na asiyewahi amshukuru Mungu wake na aendelee kusoma. Ni nchi nzuri, ina milima, ina mito ya rangi zote, na ina viongozi ambao hata wakiumwa jino hupanda ndege. Mimi niliitumikia nikiwa Katibu wa Tume ya Kupima Uendelevu wa Makampuni, yaani tume iliyokuwa ikiangalia ni kampuni gani inachuma bila kuharibu hewa, maji na watu. Wenye husuda wamesema mengi juu ya tume yetu. Nimeona nisimulie mwenyewe, kwa kuwa nilikuwapo na sina kinyongo na mtu.

Mambo yalianzia sokoni, siku Mtukufu Kiongozi alipokuja kuzindua choo. Alikuwa ameshakata utepe pale mwandishi mmoja wa habari alipojipenyeza kati ya walinzi, akamwuliza kama ni kweli viwanda vimeuchafua Mto Fumbwe. Kwa utovu wa adabu akaongeza kwamba anataka jibu la ndiyo au hapana. Mtukufu aliyatazama mawingu kwa muda, kisha akasema, "Kiasi."

Makofi yaliyopigwa siku ile sijayasikia tena. Jioni redio ya taifa ililichambua neno lile kwa kirefu, na kabla wiki haijaisha Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kiasi, inayokataza majibu ya ndiyo na hapana katika shughuli zote za serikali, kwa sababu ni majibu ya watu wenye haraka. Mwandishi yule naye alipotea kidogo.

Sheria ilileta neema upesi. Mahakamani mwizi wa kuku alipatikana na hatia kiasi, akafungwa kiasi, na mwenye kuku akarudishiwa kuku kiasi, yaani shingo na miguu. Shule ambazo hazikuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyefaulu zilitangaza kwamba wote wamefaulu kidogo, na wazazi wakachinja mbuzi. Lilibaki tatizo moja tu. Hatukuwa na elimu ya kukipimia hicho kiasi chenyewe.

Ndipo aliporudi Profesa Shebughe.

*

Profesa alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekaa ng'ambo miaka mingi akisomea namna ya kupima vitu visivyokubali rula. Tulimpa kiti, akatufundisha. Alisema dunia haina vyeupe na vyeusi peke yake, katikati kuna ukungu. Mtaalamu akienda kiwandani asilazimishwe kutoa namba ambayo hana. Atoe neno, kama vile safi, safi sana, chafu kiasi. Kila neno lina upana wake. Maneno ya wataalamu wengi, kwa vigezo vingi, yanachanganywa pamoja, halafu ukungu unapepetwa kama mchele, na mwishoni inabaki namba moja unayoweza kuisimamia.

Huko alikotoka elimu hiyo inaheshimika, na kwa kadiri ninavyofahamu haijamdhuru mtu. Huku kwetu tulipewa jukumu la kuiboresha.

Ngazi ya maneno aliyokuja nayo Profesa ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya juu ilianza na safi kidogo ikapanda hadi safi mno. Nusu ya chini ilianza na chafu kidogo ikashuka hadi chafu mno. Tulipoiona tulitazamana. Profesa alikuwa ameishi nje muda mrefu na huenda alisahau kwamba kwetu, mtu ukishakula kwake, humsemi vibaya. Wengine wanasema katazo hilo ni mpaka chakula kiteremke, na wengine wanasema ni mpaka kaburini, lakini hakuna anayesema halipo. Tume ingezunguka viwandani, na viwandani ingelishwa. Sasa mtu umekula pilau lake, umenawa mikono kwa birika lake, utamwandikaje chafu mno?

Basi nusu ya chini ikakatwa kwa kauli moja. Profesa alinong'ona kwamba hesabu itachechemea. Mwenyekiti wetu, Balozi mstaafu Mzee Kitungulu, ambaye alikuwa amewahi kuiwakilisha nchi mahali ambapo hapakumbuki vizuri, alimjibu kwamba hesabu ni mgeni hapa, na mgeni hufuata mila za mwenyeji.

Kabla ya kupima, vigezo navyo vilitakiwa kupewa uzito. Tulikusanywa katika hoteli ya kando ya ziwa, tukawa tunaulizwa vigezo viwili viwili: hewa na ajira, kipi kizito? Maji na picha, kipi kizito? Picha maana yake ni jinsi kampuni inavyoonekana katika ripoti inayojiandikia yenyewe. Tulijitahidi kwa dhati. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na chupa yake ya maji baridi mezani, na si rahisi kukiona kizito kitu ambacho mhudumu anakuletea kabla hujakiomba. Maji yakatoka mepesi kuliko vyote, na picha ikavizidi vyote kwa uzito. Jioni tulikula samaki waliosafirishwa kutoka nchi jirani, maana wa ziwa lile hawaliwi siku hizi.

*

Mshindi wa upimaji wetu alikuwa amewekewa zawadi kubwa. Angepewa cheo cha Mlezi wa Maji, na pamoja na cheo hicho angekabidhiwa Chemchemi ya Mkole kwa miaka tisini na tisa. Chemchemi hiyo iko katika mji mdogo wa Kiguzo, chini ya viwanda vyote. Mto Fumbwe ulipokwisha kubadilika rangi, Kiguzo walibaki na chemchemi ile peke yake kwa kunywa na kupikia. Serikali iliona ni hatari kitu cha thamani namna ile kuachwa mikononi mwa watu wanaokitumia.

Makampuni yaliyoshindana yalikuwa matatu, na tuliyatembelea yote kwa moyo ule ule. Kwenye kiwanda cha saruji tulikula biriani. Kwenye kile cha mifuko ya plastiki tulikula kuku wa kukaanga, na kila mmoja akafungiwa wake wa kupeleka nyumbani, katika mfuko wa plastiki. Lakini anayestahili kusimuliwa ni Bwana Lukanza, mwenye kiwanda cha ngozi.

Kiwanda cha Lukanza hukupokea kwa harufu kabla mwenyeji hajatoka. Yeye mwenyewe ni mtu mnene, mwenye sauti ya upole, na alitushika mikono kwa mikono yake miwili. Alitutembeza bustanini, akatuonyesha mti uliopandwa na Waziri, mti uliopandwa na mke wa Waziri, na shimo lililochimbwa mapema kwa ajili ya mtoto wa Waziri. Tulipita nyuma, ambako bomba nene lilikuwa likimwaga mtoni kitu cha kijani chenye povu. Mwenyekiti akauliza hicho ni kitu gani. Bwana Lukanza akasema chakula kiko tayari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na Bwana Lukanza alipona kabisa. Pilau lile lilikuwa na iliki, zabibu na nyama laini iliyokuwa ikijitenga na mfupa bila kushurutishwa. Mjumbe mmoja, ambaye dawa za ngozi zilikuwa zikimtoa machozi tangu getini, aliandika kwamba hewa ya pale ni safi kwa namna inayogusa moyo. Wengine tuliandika safi sana na safi mno. Tulipoaga, kila mmoja alikabidhiwa jozi ya viatu vya ngozi ya kahawia kama sampuli ya utafiti. Vyangu vilinikaa kana kwamba mguu wangu uliwahi kwenda kupimwa peke yake.

*

Kiguzo tulikwenda kwa sababu tu sheria ilidai mwenye chemchemi asikilizwe. Tulipokewa na Bi Mwajabu, mkunga wa mji, mama mrefu wa makamo mwenye funguo za uzio wa chemchemi kiunoni. Wanawake wa Kiguzo walikuwa wamemkabidhi kusimamia zamu za maji, kwa hoja kwamba mtu aliyewapokea watoto wao wote hawezi kumpendelea mtoto wa mmoja. Alitupa vigoda, tukakaa. Tukangoja. Hakikuja kitu.

Nadhani aliuona uso wa Mwenyekiti, maana aliinamisha kichwa kwa aibu ya mwenyeji na kusema, "Wageni wangu, mtanisamehe. Maji ya chemchemi ya leo yamekwisha, yamekwenda kwa wazazi na wachanga. Na chai ya maji ya mto siwezi kuwapa. Simpi mgeni kitu ambacho mbwa wangu amekikataa."

Niliandika hapo hapo kwamba hawakutupa hata chai.

Pembeni yake alikaa binti yake, Mwatumu, tumbo la mimba yake ya kwanza limeshashuka, mikono ameiweka juu yake. Bi Mwajabu alisema hataki mambo mengi. Binti yake yuko karibu kujifungua, na katika mji ule mama anayenyonyesha anakunywa maji ya chemchemi, mtoto anaoga maji ya chemchemi, na waliojaribu vinginevyo wamezika. Alitaka kujua jambo moja tu, kama tume itawaachia chemchemi yao au haitawaachia. Mzee Kitungulu akamjibu kwa upole kwamba wataachiwa kwa kiwango kitakachojitokeza.

"Mzee wangu, mimi ni mkunga," alisema Bi Mwajabu. "Sijawahi kutoka chumbani nikamwambia mume wa mtu kwamba mkewe amejifungua kiasi."

Tulicheka, maana ilikuwa kauli nzuri ya kienyeji. Profesa Shebughe peke yake hakucheka, akawa anasafisha miwani iliyokuwa safi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanasema watu, na sisi hatukumtukana. Tuliondoka mapema kwa sababu ya njaa.

*

Hesabu ilipoanza, tulikwama. Mizani ya Profesa ilihitaji ncha mbili. Juu awepo Mwema wa Kupigiwa Mfano na chini awepo Mbaya wa Kupigiwa Mfano, ndipo kila kampuni ipimwe iko karibu na nani na iko mbali na nani. Wema tulikuwa nao wa kumwaga. Kila kampuni ilikuwa safi sana au safi mno. Mbaya hakupatikana, kwa kuwa wote walitulisha.

Tulikaa siku nzima tukimtafuta mbaya. Mwisho Mzee Kitungulu akauliza, kama mtu anayekumbuka alikoacha kofia yake, ni nani katika safari nzima hakutupa kitu. Wote tukasema kwa pamoja: Kiguzo.

Ilikuwa wazi, na tulishangaa kwa nini hatukuiona mapema. Mkono mtupu haulambwi, na Kiguzo walitupa mkono mtupu. Tukaiingiza Kiguzo katika jedwali kama mshindani wa nne. Ripoti ya uendelevu hawakuwa nayo. Sera ya mazingira hawakuwa nayo. Miti walikuwa nayo mingi, lakini iliota yenyewe na hakuna mgeni rasmi aliyeikatia utepe. Kwenye maji ilionekana kwamba wao ndio waliokuwa na maji machafu kuliko kiwanda chochote, kwa sababu kila kiwanda kilikuwa kimeyatoa ya kwake na wao walikuwa nayo bado. Maneno mabaya tulikuwa tumeyafuta, kwa hiyo hatukuwaandikia neno lolote. Tuliwaachia nafasi tupu, na nafasi tupu katika hesabu ni sifuri.

Profesa alisimama. Alisema elimu yake haikutengenezwa kwa kazi hii, na kwamba ukitia pilau katika mizani, itakutolea pilau. Alisema pia kwamba mtu aliyechafuliwa na mtu mchafu ni watu wawili tofauti. Mwenyekiti alimwomba aketi kiasi. Profesa alivua viatu alivyopewa na Lukanza, akaviweka mezani juu ya karatasi zake za hesabu, akatoka na soksi. Hakuna aliyemfuata, na mimi nilikuwa na kazi ya kuandika muhtasari. Niliandika kwamba Profesa aliridhia kwa miguu.

*

Matokeo yalitangazwa uwanja wa taifa, kwa ngoma na gwaride. Waziri wa Kadiri na Wastani alisoma hotuba iliyoanza asubuhi. Alisema taifa letu limekuwa la kwanza duniani kupima bila kumvunjia mtu heshima. Alisema zamani mto ulikuwa na rangi moja tu, leo una nne, na hayo ni maendeleo ambayo hata kipofu anaweza kuyanusa. Kisha akafungua bahasha. Kiwanda cha Ngozi cha Lukanza kilikuwa kimekaribia ukamilifu, kilipungukiwa kidogo tu kwa sababu ukamilifu ni wa Mtukufu. Wa mwisho, kwa umbali mkubwa, ulikuwa mji wa Kiguzo, uliothibitishwa kisayansi kuwa mchafuzi mkuu wa bonde la Fumbwe. Kwa usalama wa chemchemi, wakazi wake walitakiwa kukaa mbali nayo.

Watu wa Kiguzo walikuwa wameletwa kwa malori ili wawe umati. Bi Mwajabu alisimama pale alipokuwa. Hakupiga kelele, lakini uwanja ulikuwa kimya na sauti yake ilifika jukwaani. Aliuliza mjukuu wake ataogeshwa maji gani. Waziri akamjibu kwa upole kwamba ataogeshwa maji ya kiasi, na bendi ikapiga wimbo wa taifa kidogo.

Kesho yake Bwana Lukanza aliweka ukuta na walinzi wenye mbwa. Wiki iliyofuata akalaza bomba kutoka chemchemi hadi kiwandani. Niliporudi kwa ukaguzi nilimwuliza, kwa udadisi tu, anayafanyia nini. Akanieleza bila kuficha, maana alikuwa ameninawisha mikono muda huo huo na chakula kinapakuliwa. Alisema maji ya mto yameharibika mno. Ukiloweka ngozi ndani yake inatoka na madoa, na wateja wa nje hawataki madoa. Anahitaji maji safi ya kuoshea ngozi. Niliandika kwamba mshindi anayatambua na kuyathamini maji safi, na nikala.

*

Mwatumu alijifungua mtoto wa kiume. Walimchemshia maji ya mto, wakayachuja kwa kitambaa, wakayachemsha tena. Moto unaua wadudu, lakini hauondoi dawa za ngozi.

Haya niliyasikia kutoka kwa Bi Mwajabu mwenyewe, alipokuja ofisini kwangu mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyetembea sana. Alisema ameambiwa kwamba madhara ya kiwanda yanaripotiwa kwa Katibu wa Tume, na amekuja kuripoti. Mjukuu wake amefariki.

Nilimpa pole. Nilimpa kwa moyo wangu wote, ijulikane hivyo. Kisha nikavuta jedwali la Athari kwa Jamii ili niingize taarifa yake, nikatafuta mahali pa kuiweka. Jedwali lile tulilitunga kwa ngazi ile ile ya adabu. Kwa kila mkazi kulikuwa na maneno ya kuchagua: hai mno, hai sana, hai, hai kiasi, hai kidogo. Chini ya hai kidogo hakukuwa na kitu. Nilimweleza hali ilivyo. Nilimwambia nafasi tupu siwezi kuiacha, ingeharibu wastani wa mji wake, ambao tayari ulikuwa mbaya.

Aliuliza kwa hiyo nitaandika nini. Nikamwambia nitaandika hai kidogo, ndilo neno lililo karibu zaidi. Nikaliandika mbele yake, nikapiga muhuri. Kwa taarifa hiyo Lukanza alibaki na rekodi ya vifo sifuri, na mwaka ule ule alipewa nishani.

Bi Mwajabu hakulia. Alifungua khanga aliyokuja nayo kwapani, nyeupe, mpya, ile ambayo bibi humnunulia mjukuu kabla hajazaliwa. Aliikunja upya taratibu akaiweka juu ya jedwali langu.

"Mwanangu, kama yu hai kidogo," alisema, "twende. Maziwa ya Mwatumu yanauma, yamejaa tangu juzi. Twende ukamwamshe huyo mtoto kidogo, anyonye."

Alisimama mlangoni akaningoja. Kwa kweli alikuwa akiningoja, kama mtu anavyomngoja mwenzake wa safari. Nilifikiri niseme neno, lakini yote niliyoyajua yalikuwa ya ngazi ya juu. Sikuinuka. Nilitazama chini, na chini palikuwa na viatu vyangu.

Ni viatu vizuri. Havina doa hata moja.